Uzoefu wangu Café 't Mandje, Zeedijk 63, Amsterdam

Mara ya kwanza nilifika Café 't Mandje katika msafara wa watalii niliokuwa nimeulipia, na kiongozi wetu alitusimamisha mlangoni kwa dakika zisizozidi tatu, akasema kwamba hii ni baa ya kale ya wapenzi wa jinsia moja, kisha akatuhimiza tusonge mbele. Nilihisi pesa yangu imeliwa. Wiki iliyofuata nilirudi peke yangu jioni ya siku ya kazi, nikaketi kaunta na kuagiza bia, na ni ziara hiyo ya pili ninayoieleza hapa.

Kinachokupokea kwanza ni dari. Tai za shingoni zimening'inia juu ya vichwa vya wateja, nyingine zimechakaa hata huwezi kujua kama zilikuwa nyekundu au kahawia. Bet van Beeren, aliyeanza kuiendesha baa hii mwaka 1927 akiwa na umri wa miaka 25, alikuwa na desturi ya kumkata mteja tai yake na kuitundika hapo. Jina la baa maana yake ni kikapu, kwa sababu mama yake alikuwa akimletea chakula kwenye kikapu.

Zeedijk ulikuwa mtaa wa mabaharia, na wateja wa Bet walikuwa mabaharia hao, makahaba, wasanii, na wanaume na wanawake waliopenda wa jinsia yao. Yeye mwenyewe alipenda wanawake na hakuficha, akipita mjini kwa pikipiki akiwa amevaa ngozi. Hata hivyo, wasomaji wasidhani kwamba Uholanzi ya wakati ule ilikuwa hii ya leo. Sheria ya mwaka 1911 iliweka umri wa chini wa miaka 21 kwa mahusiano ya jinsia moja ilhali kwa wengine ulikuwa 16, nayo haikufutwa hadi 1971. Kwa kuhofia kunyang'anywa leseni, Bet alikataza watu wa jinsia moja kubusiana ndani, na kucheza dansi aliruhusu Siku ya Malkia tu, sikukuu ya kitaifa ya Uholanzi. Kulikuwa pia na sanamu ya bundi yenye taa, iliyowashwa kuwaonya wateja pale polisi au mgeni asiyeaminika alipoingia. Kwetu bundi ni ndege wa uchuro. Hapa alikuwa mlinzi, na nilijikuta nikitabasamu peke yangu.

Bet alipofariki mwaka 1967, mwili wake ulilazwa juu ya meza ya biliadi humu humu ndani ili watu wamuage. Mdogo wake, Greet, aliendelea na kazi hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, biashara ya heroini ilipoutawala mtaa akafunga milango, lakini hakuondoa kitu. Ndiyo maana, mpwa wao alipoifungua tena mwaka 2008, kulikuwa bado na baa ya kufungua, si jengo tupu lenye kibao cha kumbukumbu.

Bia ilikuwa baridi na mhudumu alijibu maswali yangu yote bila haraka. Chumba ni chembamba, kwa hiyo nenda mapema upate kiti kaunta, ambako tai unaziona vizuri. Msafara wa kulipia unaweza kuuacha.