Bustani ya majimaji Louisiana: yungiyungi la kienyeji au jekundu la Asia?

Yote mawili huitwa yungiyungi la buibui, kwa petali zake ndefu na nyembamba kama miguu ya mdudu huyo, na hapo ndipo wengi hukosea wanaponunua matunguu.

La kienyeji, Hymenocallis liriosme, huota lenyewe kwenye mitaro na vinamasi vya Louisiana na Texas. Ua lake ni jeupe. Lichungulie kwa karibu: petali sita zimetawanyika, na katikati kuna kikombe chembamba kama karatasi, kitako chake kina rangi ya manjano, na stameni sita, yaani nyuzi zinazobeba chavua, zimesimama ukingoni. Linanukia vizuri mno. Huchanua majira ya kuchipua, na maji yakituama halijali.

Jekundu, Lycoris radiata, asili yake ni China, Korea na Japani. Huchanua mwanzoni mwa vuli bila jani hata moja; majani hufuata baadaye. Ni zuri kweli, ila tunguu lake hulala kiangazi na hutaka pakavu. Kwenye tope huoza.

Penye maji, mimi napanda jeupe bila kusita. Jekundu liwekee tuta lililoinuka. Yote yana sumu, kwa hiyo watoto na mbwa wasiyaguse matunguu.