Sam LaPorta kwenye fantasi ya NFL: pointi zilishuka, yeye hakushuka

Karibuni tena. Leo tunampima Sam LaPorta, taiti endi wa Detroit Lions katika NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, kwa macho ya fantasi, yaani mchezo wa kupanga kikosi chako na kuvuna pointi kwa yale wachezaji wanayofanya uwanjani, na tunaiweka misimu yake miwili ya kwanza ubavu kwa ubavu: 2023 na 2024. Misimu hiyo inafaa kwa sababu wa kwanza alicheza mechi zote 17 na wa pili alicheza 16, kwa hiyo majeraha hayatuvurugii hesabu.

Kama umezoea fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza, mfikirie taiti endi kama beki. Anajipanga ubavuni mwa ukuta wa mbele. Jaribio hili (kila mpira unapoanzishwa ni jaribio moja) anazuia watu wasimfikie kwotabeki, yaani mrusha pasi, jaribio linalofuata anakimbia mbele kudaka pasi. Pointi za nafasi hii ni haba, na kama ilivyo kwa beki anayefunga mabao, anayezipata kila wiki ana bei kubwa kuliko namba zake zinavyoonyesha.

Hesabu zote za leo zinatumia vitu vitatu: mpira uliodakwa pointi 1, kila yadi 10 pointi 1, tachidauni, yaani kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani, pointi 6. Mipira iliyodondoshwa ikachukuliwa na wapinzani nimeiacha, na pointi mbili za nyongeza nazo nimeziacha, kwa hiyo jumla ya programu yako inaweza kupishana na yangu kidogo.

Tazama hapa kwenye skrini. Mwaka 2023 LaPorta alirushiwa mipira 120, akadaka 86, yadi 889, tachidauni 10. Jumla ni pointi 234.9, yaani 13.8 kwa mechi, na ndiye aliyeongoza taiti endi wote msimu ule. Kudaka 86 ilikuwa rekodi ya taiti endi katika msimu wa kwanza, hadi mwaka uliofuata Brock Bowers wa Las Vegas Raiders alipodaka 112. Sasa shuka mstari wa pili. Mwaka 2024: mipira 83, akadaka 60, yadi 726, tachidauni 7. Pointi 174.6, yaani 10.9 kwa mechi. Pointi 60 zimeondoka.

Ukiishia hapo utasema kiwango kimeshuka, umuuze upesi. Usiishie hapo. Chukua kila namba uigawanye kwa mipira aliyorushiwa. Mwaka 2023 alidaka asilimia 72 ya mipira hiyo, na 2024 asilimia 72. Yadi kwa kila mpira aliorushiwa zilikuwa 7.4, zikapanda hadi 8.7. Tachidauni ilikuja mara moja katika kila mipira 12, na mwaka uliofuata vilevile, moja kwa 12. Pointi kwa kila mpira: 1.96, kisha 2.10.

Umeona? Kwa kila mpira uliomfikia, msimu wa pili alikuwa bora kuliko wa kwanza. Kilichopungua ni mipira yenyewe. Na hili ndilo ninalotaka ulishike katika uchambuzi huu: kwa taiti endi, kabla hujauliza amefunga ngapi, uliza amerushiwa mingapi na nani mwingine anaitaka.

Mipira ilikwenda wapi? Jared Goff, kwotabeki wa Lions, alirusha pasi 605 mwaka 2023 na 539 mwaka 2024. Lions waliongoza ligi nzima kwa kufunga mwaka 2024, pointi 564, na timu inayoongoza mechi haina haraka ya kurusha, inakimbia na mpira saa iishe. Fungu la LaPorta lilikuwa asilimia 19.8 ya pasi za Goff, likashuka hadi 15.4. Angebaki na fungu lilelile, angepata mipira kama 107. Kwa hiyo katika 37 iliyopotea, 13 hivi imeliwa na timu kupunguza kurusha, na 24 imeliwa na foleni ya wanaotaka pasi kuongezeka. Mechi moja aliyokosa imo ndani ya hiyo 24, kama mipira mitano.

Foleni hiyo ina jina: Jameson Williams, mpokeaji wa Lions. Mwaka 2023 alianza msimu akiwa amefungiwa mechi 4 kwa kuvunja kanuni za kamari za ligi, akamaliza na mipira 42 tu. Mwaka 2024 alirushiwa 91 na kuvuka yadi 1,000. Wakati huohuo mpokeaji mwenzake Amon-Ra St. Brown, ambaye ndiye chaguo la kwanza pale, alirushiwa 141. Taiti endi aliye wa tatu kwenye foleni hawezi kuishi kama yule aliye wa pili, hata awe na mikono ya gundi.

Sasa sehemu inayowaumiza wengi. Pointi za LaPorta kwa mechi zilishuka kwa asilimia 21. Thamani yake ilishuka zaidi sana, kwa sababu thamani hupimwa juu ya yule unayeweza kumwokota bure. Ligi yenye timu 12, kila timu taiti endi mmoja: mtafute wa 12 na utoe wastani wake. Tuseme wa 12 anakupa 9 kwa mechi. Wewe weka namba ya ligi yako. LaPorta wa 2023 anakupa ziada ya 4.8. Wa 2024 anakupa 1.9. Hapo ziada imekatika kwa asilimia 60. Ndiyo maana kumchukua taiti endi mapema kwenye drafti, yaani siku ya kuchagua wachezaji kwa zamu, kisha akakupa pointi 10.9 kunauma kuliko anavyoonekana kwenye jedwali: raundi ile ungepata mpokeaji au mkimbiaji, na taiti endi wa pointi 9 ungemkuta chini kabisa.

Lakini siyo kila anguko lina sababu hii. Mweke Travis Kelce wa Kansas City Chiefs pembeni ya LaPorta. Mwaka 2022: mipira 152, akadaka 110, yadi 1,338, tachidauni 12. Mwaka 2024: mipira 133, akadaka 97, yadi 823, tachidauni 3. Mipira bado ipo, tena mingi, na 97 ni kudaka kwingi. Ila yadi kwa kila mpira aliodaka zilitoka 12.2 mwaka 2022, zikawa 10.6 mwaka 2023, kisha 8.5. Pointi kwa kila mpira aliorushiwa zilitoka 2.08 hadi 1.48. Huyu hakupokonywa mipira. Kelce alizaliwa Oktoba 1989, na alikuwa akidaka karibu na mstari mpira unapoanzia na kuangushwa palepale. Anguko la LaPorta linaweza kufutika mpokeaji mmoja akihama au akiumia. Anguko la Kelce halifutwi na foleni kupungua. Kwa hiyo mkikuta wachezaji wawili wote wameshuka pointi, msiwape bei moja kabla ya kufanya mgawanyo huu.

Kuna namba ya tatu inayodanganya kuliko zote, nayo ni tachidauni. Mark Andrews wa Baltimore Ravens alifunga 11 mwaka 2024 kwa mipira 69 tu. Hiyo ni moja kwa kila mipira 6. Msimu wake mkubwa wa 2021 alifunga 9 kwa mipira 153, moja kwa 17. Ukimshusha Andrews wa 2024 hadi kiwango cha LaPorta, moja kwa 12, anabaki na tachidauni 6. Pointi 30 zinatoka, na wastani wake unatoka 11.1 hadi 9.3. Mfano mkali zaidi ni Robert Tonyan, Green Bay Packers, 2020: tachidauni 11 kwa mipira 59. Msimu uliofuata alifunga 2 katika mechi 8, kisha goti likamtoa. Hata kabla ya goti, kasi ile ilikuwa imekwisha.

Geuza sarafu hiyohiyo umtazame Trey McBride wa Arizona Cardinals, 2024: mipira 147 katika mechi 16, akadaka 111, yadi 1,146, lakini tachidauni za kudaka 2 tu. Moja kwa kila mipira 73! Mtu anayerushiwa mipira 9 kwa mechi akiwa na tachidauni 2 ni wa kununua kabla mwenye naye hajapiga hesabu. Na kama ligi yenu inatoa pointi 1.5 kwa kila mpira taiti endi anaodaka, McBride huyo anaongezewa 55.5 kwa msimu, wakati Andrews wa tachidauni 11 anaongezewa 27.5. Soma kanuni za ligi yako kabla ya drafti, tafadhali. Kanuni hii moja inabadilisha mpangilio mzima wa nafasi hii.

Kwenye ligi za kudumu, ambako unabaki na mchezaji mwaka hadi mwaka, usimkatie tamaa taiti endi kwa msimu wa kwanza. LaPorta na Bowers wamezoesha watu vibaya. McBride alidaka 29 tu mwaka 2022, akadaka 81 mwaka 2023 baada ya taiti endi mwenzake Zach Ertz kuumia katikati ya msimu, ndipo zikaja 111. Nafasi hii inamtaka kijana ajifunze kuzuia na kukimbia njia za pasi kwa pamoja, na kocha hamwachi uwanjani kama kwotabeki atavunjwa mbavu.

Ndiyo maana usihesabu dakika za kuwa uwanjani pekee. Hesabu njia alizokimbia, yaani mara alizotoka mbele kungoja pasi. Taiti endi anaweza kuwepo kwenye majaribio 60, na 35 kati ya hayo akawa ukuta. Unachotaka ni kwamba kila timu inaporusha pasi mara 10, yeye akimbie njia angalau mara 8. Akifika hapo na mipira 6 au zaidi kwa mechi, mwanzishe bila kuwaza. Akifika hapo na mipira 3, foleni imemzidi, subiri. Akiwa na njia chache na tachidauni nyingi, muuze wiki hiyohiyo.

Tahadhari moja ya kugawanya: mechi aliyoumia robo ya kwanza akatoka, iondoe kwenye wastani, la sivyo utamwona dhaifu bure. Na unapolinganisha na misimu ya zamani, kumbuka ligi ilicheza mechi 16 hadi 2020 na 17 kuanzia 2021. Jumla hazilingani, tumia kwa mechi.

Kwa mnaocheza mkiwa Afrika Mashariki, mechi za mapema za Jumapili zinaanza saa mbili usiku, na Marekani wakishabadilisha saa Novemba zinaanza saa tatu. Orodha ya wasiocheza hutoka dakika 90 kabla, yaani saa kumi na mbili na nusu jioni, kisha saa moja na nusu kuanzia Novemba. Hapo usitafute jina la taiti endi wako tu. Angalia na wapokeaji wa timu yake. Mmoja wao akikosekana, foleni imepungua, na taiti endi uliyepanga kumweka benchi anaweza kuwa na mipira 8 usiku huo.