Stendi ya Kamera ya Bei Nafuu Usiku wa Mbalamwezi, Lamu: Uchambuzi

Assalamu aleikum, karibuni tena. Kabla sijaendelea, itazameni vizuri hii picha iliyo kwenye skrini. Anga ya samawati, mchanga mweupe, vichaka vya kijani. Mtu angeapa ni saa nane mchana kwenye matuta ya Shela. Sasa pandisha macho, kule juu kushoto. Zile nukta ni nyota. Picha imepigwa usiku, taa hakuna, mwezi mpevu mtupu.

Na msidanganywe na wauza kamera. Hii yangu ni ya mtumba, imepigwa na chumvi ya bahari mpaka maandishi yamefutika. Kilichofanya kazi hapo ni huyu bwana hapa, stendi, na ndiye tunayemchambua leo pamoja na rimoti yake ya waya. Jina nimelibandika plasta nyeusi makusudi. Mwili huu huu unauzwa kwa majina chungu nzima, na hakuna aliyenilipa senti.

Kwa nini nakwambia stendi kwanza, lenzi baadaye? Mwanga wa mwezi ni jua lile lile, limeupiga mwezi likarudi kwetu, kwa hiyo rangi zote zimo. Ni macho yetu ndiyo gizani huishia kuona kijivu. Tatizo ni uchache. Jua huushinda mwezi mpevu karibu mara 400,000. Picha inayotoka mchana kwa kufumba na kufumbua, usiku kamera lazima ikae wazi nusu dakika, dakika, hata mbili. Mimi huanzia ISO 400 (ISO ni wepesi wa kamera kunasa mwanga), tundu la lenzi f/4, sekunde 30. Ikitoka nyeusi, ongeza muda kabla hujagusa ISO. Sasa katika sekunde hizo zote, stendi ikitetemeka kidogo tu, kwisha habari yake.

Haya. Alumini, miguu ya vipande vinne, kufuli za klipu, kichwa cha gololi. Nilianza kuijaribu uani kwa shangazi: kuna mkilua, asumini, mrehani kwenye makopo, na mgomba mmoja kwenye kona. Kuta ni ndefu, upepo hauingii ovyo. Miguu inatanuka hadi kamera inashuka usawa wa mrehani, na hilo kwa bei hii sikulitarajia. Nakuza picha hapa, mwone wenyewe. Ua la asumini, kila ncha imesimama. Nyuma yake ukuta wa chokaa, na ule ufa mwembamba unaoshuka kutoka dirishani unaufuata mpaka chini. Mgomba ndio umekuwa moshi, lakini huo ni upepo uliopita juu ya ukuta, stendi haina kosa. Kwa bustani na uani, basi, nampa alama zote.

Kidogo kuhusu saa, maana hapa watu wengi hupoteza usiku mzima. Usiku wa mwezi mpevu, mwezi huchomoza jua linapozama, halafu kila siku hukawia karibu dakika 50 zaidi. Mji wa Lamu umeelekea kisiwa cha Manda, yaani mashariki. Kwa hiyo saa mbili mpaka saa tatu usiku mwezi uko upande wa Manda na unazipiga nyumba za ukingoni usoni, vivuli virefu, milango ya nakshi inatokeza vizuri. Vichochoroni saa hiyo ni giza tororo. Subiri karibu na saa sita, mwezi ukifika utosini ndipo mwanga unashuka mpaka chini, na haukai sana. Taa moja ya mlangoni ikiwaka, umekwisha, picha yote inageuka ya taa. Mwombe mwenyewe aizime, kwa adabu. Na kupanda darini na kamera usiku, ukatazama nyua za watu, hapa kwetu haifai. Piga hodi kwanza.

Siku zenyewe mnazijua. Wanaofunga masiku meupe, tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu, wana kalenda ya mpiga picha mkononi. Usije na mwezi nusu ukadhani utapata nusu ya mwanga. Unapata kama sehemu moja ya kumi tu, na sekunde zako 30 zinakuwa dakika tano.

Sasa Shela, na hapa ndipo sifa zinapopungua. Kusi inavuma kutoka baharini, haipumziki. Nimeipandisha nguzo ya kati, nimetoa na vile vipande vya chini vya miguu, vyembamba hivyo. Tazama nyota. Kila moja imechora ndoano, zote zimeelekea upande mmoja. Huko si kuzunguka kwa dunia, maana kwa lenzi ya milimita 24 nyota huanza kuvutika baada ya sekunde 20 hivi, tena huvutika kwa mstari laini. Hii ni stendi inacheza. Nikashusha nguzo, nikarudisha vile vipande vyembamba ndani, miguu nikaikandamiza mchangani, na kwenye kulabu iliyo chini ya nguzo nikatundika mkoba uguse ardhi. Mkoba ukining'inia hewani unabembea, unaongeza balaa. Hapo ndipo ikapatikana ile picha ya mwanzo. Kwa hiyo inafaa, lakini kamera iko usawa wa kiuno, na aliye mrefu ajiandae kuinama. Kama kazi yako kubwa ni matuta, usiinunue. Tafuta nzito zaidi.

Rimoti sina maneno mengi. Kamera nyingi huishia sekunde 30. Ukitaka zaidi unaweka kwenye herufi B, nayo hukaa wazi kwa muda wote kitufe kimebanwa. Huwezi kukibana kwa kidole dakika mbili bila kutikisa. Rimoti hii ina kufuli, unasukuma mbele unakaa zako. Waya ni mfupi, plagi yake imelegea, lakini kwa bei yake hakuna cha kulalamikia. Ambaye hana, atumie taima ya sekunde mbili kwa picha zisizozidi hizo 30.

Fokasi, zima otomatiki, gizani inapapasa tu. Kuza kwenye skrini taa ya mbali ng'ambo ya Manda, zungusha pete ya lenzi kwa mkono mpaka taa iwe nukta kali, bandika plasta kwenye pete isisogee. Lenzi yenye kizuia mtikisiko, kizime pia. Wa simu msinikasirikie: Pixel kwenye stendi hufika dakika nne ikipiga nyota, iPhone sekunde 30, na stendi hii inazibeba ukiongeza kishikio.

Kuna aliyeuliza kuhusu majahazi, kwamba yanatoka na ukungu hata stendi ikiwa imara. Bila shaka, chombo kilichotia nanga hakitulii. Lakini mwezi mpevu ni bamvua, maji hujaa na kupwa kupita kawaida, na usiku wa bamvua, kwenye saa nne na saa tano, maji yamekupwa mbali. Mashua za ukingoni zimelala kwenye tope, hazitikisiki. Hapo acha wazi dakika mbili kwa ISO 100. Punda akipita haonekani kabisa; akisimama kufikiri mambo yake, utapata kivuli chenye masikio. Mwenye tochi ndiye wa kuombwa azunguke.

Mwisho, chumvi na mchanga ndivyo vitakavyoiua stendi hii, kufuli za klipu hazina kinga yoyote. Ukirudi, toa vipande vyote, suuza kwa maji baridi ya kunywa, si ya kisima cha chumvi, acha ikauke ikiwa wazi. Klipu ikianza kulegea, ina skrubu ndogo pembeni, kaza robo mzunguko. Usitie mafuta, yanashika mchanga. Mwenye swali aliandike hapo chini, na akitaja aina ya kamera yake nitamjibu upesi zaidi.