Weller Special Reserve au Maker's Mark?
Zote ni bourbon, yaani wiski ya Marekani itokanayo hasa na mahindi, za jimbo la Kentucky, zote zina kilevi asilimia 45, na zote hutumia ngano pale wengi wanapoweka nafaka ya rai. Ndiyo maana ladha zake zinakaribiana kuliko bei za walanguzi zinavyodai.

Weller, ya kiwanda cha Buffalo Trace mjini Frankfort, ni laini: asali, vanila, harufu ya mkate mtamu, kisha hupotea upesi kooni. Maker's Mark, ya mji wa Loretto, ina karameli nzito na ukali wa mbao. Matone mawili ya maji huutuliza.

Weller imeadimika zaidi kwa undugu wake na Pappy Van Winkle, bourbon ya ngano inayosakwa sana, inayotoka kiwanda kilekile. Ukiikuta kwa bei ya kawaida, chukua. Wakiizidisha bei mara mbili, nunua Maker's Mark.