Mfumo wa kubashiri farasi unaponipa majina mawili kwenye mbio moja: uzoefu wangu

Nimeutumia mfumo huu miezi minne. Unapitia farasi wa siku, unaangalia walivyomaliza mbio zao za karibuni, umbali, hali ya uwanja na uzito waliobebeshwa, kisha unakuletea majina. Kwa kazi hiyo sina neno. Shida ni pale unapoleta majina mawili au matatu ya mbio ileile, na maelekezo yake ni sentensi moja tu: chukua mwenye odi ndogo (odi ni mara ngapi ya dau lako unarudishiwa farasi akishinda).

Nilitii. Siku moja nikapewa wawili, mmoja odi 4, mwingine odi 6. Dau lote nikaliweka kwa yule wa 4. Zimebaki mita mia mbili anaongoza, mara yule wa 6 akachomoza upande wa nje na kumpita kwa kichwa tu, kwenye mstari kabisa. Mfumo ulikuwa umemtaja mshindi, na mkeka wangu umechanika! Niliumia sana.

Nikanunua daftari. Nikawa naandika kila chaguo, hata lile nililoliacha, na hao walioachwa walikuwa wanashinda mara nyingi mno kwa mtu kuendelea kuwapuuza. Odi ndogo inakuonyesha pesa za watu zimeelekea wapi. Kama bei hiyo inalipa, hilo ni swali jingine.

Sasa nagawa dau. Chukua 100, igawe kwa odi ya kila farasi: wa 4 anapata 25, wa 6 anapata 16.7. Jumla ni 41.7. Hiyo 25 ni asilimia 60 ya jumla na 16.7 ni asilimia 40, basi kwa dau la 100 naweka 60 kwa wa kwanza na 40 kwa wa pili, na yeyote kati yao akishinda narudishiwa 240. Ni kama nimebeti farasi mmoja wa odi 2.4. Ninachojiuliza ni kama wawili hawa kwa pamoja wanaweza kushinda zaidi ya mara 42 katika mbio 100 za namna hii. Nisipoamini hivyo, siweki kitu.

Wakiwa watatu huwa naiacha mbio. Odi 3, 5 na 6 zinafikisha jumla ya 70, yaani umebaki na odi 1.43, na bado kuna farasi wengine uwanjani wa kukuharibia.

Hesabu hii ilipaswa kuwa ndani ya programu yenyewe. Odi zinabadilika hadi dakika ya mwisho, farasi anaweza kuondolewa, nawe unarudia kugawa kwa haraka huku wanaingizwa kwenye mageti. Nimewaandikia wahusika mara mbili kuhusu hili, sijajibiwa.

Kwa anayeanza nisingempendekezea. Mimi nimelipia mwezi mwingine, kwa ajili ya majina tu. Kuchagua nafanya mwenyewe, na daftari liko pembeni.