Antena tatu za waya kwa bendi ya mita 40: uzoefu wangu

Ni antena za redio ya ham, yaani ya mawasiliano ya watu binafsi wenye leseni, na bendi ya mita 40 iko karibu na megahezi 7. Nimezilinganisha kwenye kiwanja kimoja cha mita 20 kwa 20, Dar es Salaam, nyumba ya bati, redio ya wati 100. Zote ni za waya uleule wa fundi umeme, 1.5 mm² wenye ganda. Kwa kusikika, zile mbili za kwanza hazipishani sana. Kelele ndiyo inayozitenganisha.

Naanza na dipoli ya V iliyogeuzwa (mikono miwili ya waya inayolishwa katikati), na ndiyo niliyoibakiza juu. Gawanya 143 kwa megahezi: kwa 7.1 unapata mita 20.1 za waya wote. Lakini usikate hapo hapo. Kata kila mkono mita 10.4, kwa sababu hutajua mpaka uipandishe ganda la waya, ardhi na bati vitashusha masafa kiasi gani. SWR (kipimo cha nguvu inayorudi kwenye redio; ndogo ndiyo nzuri) ikiwa chini kabisa kwenye 6.9 ilhali unataka 7.1, zidisha urefu wote kwa 6.9, gawanya kwa 7.1: mita 20.8 inakuwa 20.2, sawa na kupunguza sentimita 29 kila upande. Kunja kwanza ncha irudi juu ya waya wenyewe, ifunge kwa tepu, pima tena, ndipo ukate.

Kilele kikiwa mita 9 na ncha mita 2.5 kutoka ardhini, upana ni mita 15 tu, na pembe inabaki juu ya nyuzi 90. Kwa kimo hicho mawimbi mengi yanakwenda juu na kurudi karibu, kwa hiyo mchana Dodoma na Mombasa wanakuja vizuri. Anayewinda Ulaya atahitaji mlingoti mrefu zaidi. Faida ya ziada: inafanya kazi pia kwenye mita 15.

Katikati, weka choki, kizuizi cha mkondo unaorudi juu ya kebo: kebo ya RG-58 mizunguko 11 kwenye ringi ya feraiti FT240-31. Bila hiyo kebo nayo inageuka antena, na spika ya televisheni sebuleni itakusemea maneno yako. Aliye na RG-6 ya dishi asiitupe. Ni omu 75, na dipoli haijali. Kero yake ni wavu wa alumini usioshika risasi ya kulehemu, kwa hiyo tumia viunganishi vya kubana.

Ya pili inalishwa mwishoni: mita 20.2 za waya, transfoma ya 49 kwa 1, na waya wa mita 2 wa kurudishia mkondo (counterpoise). Transfoma ni ringi ya FT240-43, mizunguko 2 upande wa redio na 14 upande wa antena, na kapasita ya pF 100 ya volti nyingi kwenye ile mizunguko miwili. Unapata mita 40, 20, 15 na 10 bila tyuna (kifaa cha kulinganisha antena na redio), na mlingoti wa katikati hauhitajiki. Asiye na nafasi ajenge hii, asisite. Ila inaokota kelele za chaja na taa za LED kupitia kebo. Choki ikikaa pale kebo inapoingia nyumbani, hali inatulia. Ukituma FT8 (njia ya kidijitali ya kompyuta) kwa wati 100, ringi inachemka. Dalili yake ni SWR kupanda taratibu ukiwa bado unatuma. Shusha wati au bandika ringi mbili. Mwisho wa waya una volti zipatazo 500, kwa hiyo usiufunge kwenye fito ya bati wala mahali mtoto anafika.

Ya tatu, mita 16.2 na transfoma ya 9 kwa 1, inadai tyuna kila bendi na ndiyo yenye kelele kuliko zote. Ya kusafiri nayo, sawa. Ya nyumbani, hapana.

Kwa wanaoegemeza kwenye mnazi: usifunge kamba moja kwa moja, mti ukiyumba kwa upepo wa kusi waya utakatika kwenye kizio. Pitisha kamba kwenye kapi, ning'iniza dumu la lita 5 lenye maji nusu. Viungo vyote vizungushie tepu kisha mpira wa tyubu ya baiskeli ulionyooshwa, maana chumvi ya bahari ikiingia kwenye wavu wa kebo, inatambaa ndani na kuila shaba mita nzima kabla SWR haijakuambia chochote.