Mustang yenye mkia mwekundu: milango ya magurudumu imeniteka

Asalaam alaikum, hamjambo wote, karibuni tena. Leo sina maneno mengi ya mwanzo, maana kitu chenyewe kiko mezani hapa na mikono inaniwasha. Tazameni. P-51 Mustang, ndege ndogo ya kurusha kwa rimoti, mfano wa ile ndege ya kivita ya Marekani ya Vita vya Pili vya Dunia. Ya umeme, povu gumu, mabawa mita 1.45 kutoka ncha hadi ncha. Mkia mwekundu wote, pua nyekundu. Mota, betri na rimoti nilishavieleza kwenye video ya ile ndege ya mazoezi, sirudii. Leo nataka tuangalie tumbo lake.

Nimeilaza chali makusudi. Hapa katikati, kati ya bawa na bawa, mnaiona hii milango miwili? Imefungwa, na mstari wake hauonekani vizuri mpaka upitishe kidole. Sasa nagusa swichi. Nyamazeni kidogo msikilize.

Mmesikia ule mlio mwembamba? Milango imefunguka kwanza, miguu bado imelala. Sasa miguu inatoka, taratibu, wa kulia umemtangulia mwenzake kidogo. Umefika. Umekaza. Na hapa usiondoe jicho... milango inajifunga tena yenyewe! Miguu iko nje lakini tumbo limezibwa. Narudia. Swichi. Milango, miguu, milango. Jamani! Nimekuwa nikifanya hivi tangu jana usiku, mama watoto ameshachoka na huu mlio.

Kwa nini napiga kelele hivi? Kwa sababu ndege nyingi za bei hii zina kipande kimoja tu cha plastiki kilichobanwa kwenye mguu. Mguu ukitoka, tumbo linabaki wazi. Mustang halisi haikuwa hivyo. Milango ya ndani ilifunguka, miguu ikapita, milango ikajifunga nyuma yake. Na kuna jambo jingine alilonionyesha mzee mmoja pale klabuni, mtu aliyekula chumvi nyingi na ndege hizi. Ukiangalia picha za Mustang iliyoegeshwa, mara nyingi ile milango inaning'inia kama masikio ya mbuzi. Haijaharibika. Injini ikizimwa, shinikizo la mafuta ya haidroli linapungua polepole, na milango inakosa nguvu ya kuishikilia juu. Shikeni hilo, nitalirudia mwishoni.

Kuhusu huu mkia mwekundu, nimeulizwa sana kwenye maoni, wengine mnadhani ni urembo tu. Hapana. Hii ni rangi ya kikosi cha 332, marubani weusi wa Marekani waliofundishwa Tuskegee, Alabama, enzi ambazo jeshi lilikuwa bado linawatenga weusi na weupe. Kundi la kwanza lilihitimu Machi 1942. Waliongozwa na Benjamin O. Davis Jr., na mwaka 1944 wakapewa Mustang wakiwa Italia, kwenye kiwanja cha Ramitelli, kazi yao kuzisindikiza ndege kubwa za mabomu. Tarehe 24 Machi 1945 waliruka mpaka Berlin, na siku hiyo watatu kati yao, Roscoe Brown, Earl Lane na Charles Brantley, kila mmoja aliangusha ndege ya jeti ya Wajerumani, Me 262. Ndege ya propela dhidi ya jeti! Mimi naishi hapa Dayton, Ohio, na kwenye makumbusho ya jeshi la anga kuna sehemu yao. Kuingia ni bure. Niliwapeleka watoto, binti yangu akasimama mbele ya zile picha muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Nilipoona kampuni imetoa ndege yenye rangi hizi, nilijua lazima niinunue.

Haya, uwanjani. Kwa mlio wapya wiki hii: klabu yetu inakutana Jumamosi asubuhi. Anayejifunza anapewa rimoti iliyounganishwa na ya mwalimu, akikosea mwalimu anaichukua ndege hapo hapo. Wote tunasimama nyuma ya mstari, ndege haipiti juu ya vichwa vya watu, na haizidi futi 400. Karatasi za FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, si ngumu: mtihani wa usalama wa bure mtandaoni, na usajili dola 5 kwa miaka mitatu kama ndege inazidi gramu 250. Uwanja wetu ni kati ya maeneo yaliyotambuliwa na FAA, kwa hiyo hatulazimiki kufunga kile kifaa cha kujitambulisha kwa redio.

Lakini siku ninayoipenda kuliko zote ni siku ya ndege za kivita za zamani. Zinapangwa kwenye nyasi kama uwanja wa vita wenyewe: Corsair zimekunja mabawa, Zero, P-47, kuna jamaa analeta B-25 ya injini mbili za petroli inayobebwa na gari la mizigo. Kila rubani ana mtu pembeni wa kumwangalizia anga, maana zikiwa tano juu macho mawili hayatoshi. Mchana wanapitisha ndege moja chini inadondosha peremende, watoto wanakimbilia. Mwaka huu nataka twende na Muncie, Indiana, makao ya AMA, kile chama cha warusha ndege za mfano cha tangu 1936. Ni saa moja na nusu hivi kutoka hapa. Wanaotaka kuungana nami waandike chini.

Sasa nije kwenye lililoniudhi, na limeniudhi kweli. Mruko wa tatu. Nimeondoka vizuri, na kumbukeni Mustang inavuta kushoto wakati wa kuondoka kwa sababu ya propela, kwa hiyo unaongeza nguvu kidogo kidogo na unaishika kwa usukani wa mkia upande wa kulia. Imepanda, nagusa swichi, mguu wa kulia unaingia. Wa kushoto umesimama nusu. Gurudumu limegeuka upande, limegonga mlango na kukwama. Yule mzee akaniambia usiiguse tena hiyo swichi, utaunguza mota ya mguu, ilete uitue kwa tumbo. Nikaileta kwenye nyasi ndefu. Propela imevunjika, na tazameni hapa chini ya bawa, rangi imekwaruzika hadi povu linaonekana.

Sababu ni hii. Kamera karibu. Skrubu hii ndogo kuliko punje ya mchele ndiyo inayoushika waya wa mguu. Kiwandani wameikaza kavu, bila tone la gundi, na waya ni mviringo. Ukitua mara mbili tatu kwenye nyasi, inalegea na mguu unazunguka. Nimewaandikia kampuni, bado hawajajibu, na mpaka wajibu jina lao silitaji hapa. Tiba yake: toa skrubu, usugue waya kwa tupa mahali inapobana mpaka upate ubapa mdogo, weka tone la ile gundi ya bluu ya skrubu, kaza kwa kifunguo cha pembe sita, acha mpaka kesho. Fanyeni hivyo KABLA ya mruko wa kwanza. Nimesharuka mara tisa tangu hapo, haijalegea.

Kuna mtu ataniuliza, si bora Spitfire? Nilikuwa nayo. Angani, nasema kweli, Spitfire ni tamu zaidi, inageuka bila kulazimishwa. Tatizo ni kutua. Miguu yake inakunjwa kuelekea nje, kwa hiyo magurudumu yamekaribiana, na kwenye nyasi inayumba kama mlevi. Mustang inakunja kuelekea ndani, imetanua miguu, inakaa. Lakini nikiikumbuka ile sauti ya Spitfire ikipita chini... basi, hiyo ni video nyingine.

Bei. Mimi nimelipa dola 390, betri mbali. Ni nyingi, na kwa hela hiyo tone la gundi lisingewafilisi. Walio Dar, Nairobi na Mombasa mnaotaka kubebewa: kwanza nendeni TCAA au KCAA, mamlaka za usafiri wa anga za Tanzania na Kenya, mjue kibali, msisubiri ndege ikwame forodhani. Na betri za akiba za lithiamu hazikai kwenye begi la chini ya ndege, zinapanda nawe ndani. Kipimo ni saa-wati 100. Zidisha volti kwa ampea-saa: hii yangu ni 14.8 mara 3.3, haifiki hata 50, inapita.

Tangazo dogo: kuanzia mwezi ujao video zitatoka Alhamisi, na Jumapili jioni nitakuwa mubashara kujibu maswali. Bonyezeni kengele.

Haya, ile milango. Kampuni wameiunganisha na kiboksi chake cha kuiongoza, ukizima ndege, milango inabaki imebana kabisa. Juzi mimi na yule mzee tumezitoa waya za sevo, yaani mota ndogo zinazosogeza milango, tukazipa chaneli yake kwenye rimoti. Kwa hiyo sasa nikishaegesha, mota imezimwa, ninayo swichi nyingine, hii ya pembeni, tumeipangia mwendo wa polepole sana. Naisimamisha kwa magurudumu yake. Msogeze kamera chini, hapo, usawa wa meza. Nabonyeza.

Inashuka. Inashuka... hapo. Nusu tu. Iacheni ining'inie hivyo hivyo.